Asilimia ya nini? Jinsi ya kuvipima vitambuzi vya matini ya akili unde

MASWALI mengi ninayoletewa na wasomaji wa safu hii huhusu ngeli, methali na vinyambuo vya vitenzi. Siku hizi kuna swali moja ambalo limeyapiku yote, na wanaoliuliza ni walimu, wazazi na wanafunzi kwa pamoja. Je, ipo programu inayoweza kusoma insha au tasnifu na kusema kwa hakika kwamba haikuandikwa na binadamu?

Jibu fupi ni kwamba programu zipo, na zinasema, ila hazisemi kwa hakika. Jibu refu linahitaji tuelewe zinavyofanya kazi, zinavyopimwa na kwa nini sisi tunaosoma na kuandika huku Nakuru, Njoro, Nyahururu na kwingineko tuna sababu ya kuzitazama kwa jicho la pili.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Kuna wanaosema akili bandia na kuna wanaosema akili mnemba. Nitatumia akili unde, kwa kuwa kitenzi kuunda kinanionyesha mara moja kwamba kuna aliyeiunda. Programu zinazodai kuitambua kazi yake nitaziita vitambuzi.

Jinsi kitambuzi kinavyosoma

Nikikuambia 'haba na haba', utamaliza mwenyewe, 'hujaza kibaba'. Nikisema 'mwenda pole', huhitaji shahada kujua kwamba 'hajikwai'. Akili unde inayotunga matini hufanya kazi iliyo karibu na hiyo. Imesomeshwa mabilioni ya maneno, na kila hatua hukadiria ni neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata. Vitambuzi vingi huigeuza hesabu hiyo kinyumenyume. Huuliza kama maneno ya matini hii yanatabirika kupita kiasi. Aidha hutazama kama sentensi zina urefu na mwendo unaofanana, kwa kuwa inadhaniwa kwamba binadamu huchanganya ndefu na fupi, nzito na nyepesi. Vitambuzi vingine husomeshwa mifano mingi ya matini za watu na za mashine, kisha huachiwa vitafute vyenyewe tofauti.

Kwa vyovyote vile, kitambuzi hakimwoni mwandishi. Hakijui nani aliketi mezani, saa ngapi, na kitabu gani kikiwa wazi mbele yake. Kinachoona ni maneno tu, na kinakisia. Mwanafunzi aliyezoea kuandika kwa utaratibu, kwa sentensi zilizonyooka na maneno ya kawaida, huweza kufanana na mashine bila kuigusa.

Halafu kuna ile nambari. Kitambuzi kinasema '87%', nasi tunashtuka. Mimi ni mtu wa lugha, na swali langu la kwanza huwa la sarufi: asilimia 87 ya nini? Katika baadhi ya vitambuzi, kama kile cha Turnitin, nambari hiyo ni sehemu ya matini ambayo programu inakisia kuwa ya akili unde. Katika vingine ni kiwango cha uwezekano kwamba matini nzima ni ya mashine. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na yote mawili hayana uhusiano na asilimia ya wizi wa kitaaluma tuliyoizoea, ambayo huonyesha maneno yanayofanana na chanzo fulani unachoweza kukifungua ukakisoma. Kitambuzi hakikuonyeshi chanzo chochote. Huna cha kulinganisha.

Makosa mawili, si moja

Watengenezaji hupenda kutangaza usahihi kwa nambari moja, eti 'asilimia 98'. Mtu makini hataridhika na hiyo, kwani kitambuzi kina njia mbili za kukosea. Ya kwanza ni kuipitisha kazi ya mashine kana kwamba ni ya mtu. Tuiite kosa la kupitwa. Ya pili ni kuiita kazi ya mtu kuwa ya mashine. Hili ni kosa la kusingizia. Mkulima wa Molo akipepeta maharagwe kwa ungo hujua tofauti hii. Ukipepeta kwa nguvu, takataka huruka zote, lakini na maharagwe mazuri huruka pia. Ukipepeta taratibu, maharagwe hubaki pamoja na makapi. Hakuna ungo unaokwepa mambo haya mawili kwa wakati mmoja.

Tupige hesabu. Chukua mfano wa kubuni wa insha 1,000, ambapo 200 ziliandikwa na akili unde. Tuseme kitambuzi chetu ni hodari kiasi, kinanasa asilimia 80 ya kazi za mashine na kusingizia asilimia 4 tu ya kazi za watu. Kitanasa insha 160 za mashine na kuziacha 40. Katika zile 800 za watu, kitasingizia 32. Walioshukiwa jumla ni 192, na 32 kati yao hawana hatia. Huyo ni mmoja kati ya kila sita.

Sasa badilisha jambo moja tu. Tuseme darasa ni la watu waaminifu zaidi, na waliotumia mashine ni 50 badala ya 200. Kitambuzi ni kilekile. Kitanasa 40 na kusingizia 38 kati ya 950. Walioshukiwa ni 78, na karibu nusu yao wameonewa! Kadiri wanafunzi wanavyokuwa waaminifu, ndivyo neno la kitambuzi linavyozidi kupoteza thamani dhidi ya kila anayeshukiwa. Jambo hili halisemwi katika matangazo ya biashara.

Majaribio yaliyofanywa yanasema nini

ChatGPT ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022. Miezi miwili baadaye, mwishoni mwa Januari 2023, kampuni ileile ya OpenAI ilitoa kitambuzi chake. Kwa maelezo yake yenyewe, kilinasa asilimia 26 tu ya matini za akili unde katika jaribio lake la Kiingereza, na kusingizia asilimia 9 ya matini za watu. Tarehe 20 Julai 2023 kiliondolewa kwa sababu ya usahihi wake mdogo. Mwenye duka mwenyewe aliifunga mizani yake.

Mwaka huohuo watafiti wa vyuo vikuu kadhaa vya Ulaya, wakiongozwa na Debora Weber-Wulff wa Berlin, walijaribu vitambuzi 14. Hakuna hata kimoja kilichofikia usahihi wa asilimia 80. Vingi vilielemea upande wa kusema 'hii ni ya mtu', yaani kosa la kupitwa ndilo lililozidi. Matini zilizoandikwa na watu katika lugha nyingine kisha zikatafsiriwa kwa mashine kuingia Kiingereza ziliviyumbisha vitambuzi. Fikiria mwanafunzi wetu anayewaza kwa Kikalenjin au Kiswahili, akaandika, kisha akategemea programu ya tafsiri kupata Kiingereza chake. Je, kazi hiyo ni yake au ya mashine? Vitambuzi havina jibu, na ukweli ni kwamba hata kanuni zetu nyingi hazina.

Utafiti unaotuhusu zaidi ulitoka Chuo Kikuu cha Stanford, ukachapishwa Julai 2023. Watafiti walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, ule wa Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao ya kwanza, na insha 88 za wanafunzi wa darasa la nane nchini Marekani. Walizipitisha katika vitambuzi saba. Insha za Wamarekani zilitambuliwa vizuri. Zile za wageni zilisingiziwa kwa wastani wa asilimia 61. Kati ya insha 91, insha 89 zilishukiwa na angalau kitambuzi kimoja, na 18 zilishukiwa na vyote saba. Watafiti hao walipoiomba ChatGPT iziongezee insha hizo msamiati wa kifahari, kiwango cha kusingiziwa kilishuka hadi karibu asilimia 12. Yaani ukitaka usishukiwe kuwa umetumia mashine, tumia mashine. Ala!

Mwezi Agosti 2023 Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilizima kitambuzi cha Turnitin. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Mwaka 2022 walikuwa wamepitisha kazi 75,000 katika mfumo wa kampuni hiyo. Kosa la kusingizia la asilimia moja tu lingemaanisha kazi zipatazo 750 za wanafunzi kushukiwa bure.

Ili nisiwe mbaguzi, niseme pia kwamba miaka imesonga na vitambuzi vimeboreshwa. Baadhi ya vile vipya vimefanya vizuri sana katika majaribio, hasa kwa matini ndefu za Kiingereza ambazo hazikuguswa baada ya kutolewa na mashine. Lakini matini ndefu ya Kiingereza isiyoguswa ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Aya tatu za Kiswahili zilizohaririwa na mwenyewe mara mbili ni jambo jingine kabisa.

Kwa nini sisi hasa

Kiswahili chetu ni lugha ambishi. Neno moja kama 'hatutawapelekea' lina ukanushi, nafsi, wakati, mtendwa na kauli ya kutendea. Kitambuzi kilichopimwa kwa Kiingereza hakina ushahidi wowote kwamba hesabu zake zinasimama katika lugha ya namna hii. Mtengenezaji anapoorodhesha lugha ambazo kifaa chake kinazihudumia na Kiswahili hakimo, ametuambia jambo la maana. Kuendelea kukitumia ni sawa na kupima joto la mwili kwa rula.

Kuna suala la pili, la malezi ya uandishi. Tuliosoma na kufundisha katika mfumo wa 8-4-4 tunajua insha ya kuvutia alama ilivyofunzwa. Mwanafunzi alihifadhi tashbihi, akapanga methali, akafungua kwa maelezo ya jua likichomoza na kufunga kwa funzo. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, lakini mkono wa aliyelelewa hivyo haubadiliki kwa kufutwa kwa mtihani. Kwa Kiingereza ni vivyo hivyo. Tulifunzwa viunganishi vya heshima na msamiati wa kamusi, tukaambiwa huo ndio usomi. Leo mwandiko huohuo unaitwa wa roboti. Wapo waandishi Wakenya waliojitokeza hadharani kulalamika kwamba wanashukiwa kwa kuandika kama walivyofundishwa na walimu wao, na wana haki ya kulalamika.

Suala la tatu linatugusa sisi walimu. Wapo wenzangu wanaosema, "Mimi sihitaji kitambuzi, nikisoma tu najua." Nikiwauliza wanajuaje, hunitajia kalki kama 'mwisho wa siku' au 'ni muhimu kutambua kwamba'. Lakini 'mwisho wa siku' ilikuwa midomoni mwa watangazaji na wanasiasa wetu kabla mashine hizi hazijazaliwa! Wengine hutaja usafi wa lugha. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Gĩkũyũ na hachanganyi 'kura' na 'kula', au wa Kikalenjin asiyeandika 'kari' badala ya 'gari', eti anatia shaka. Hivi tumefikaje hapa? Kwa miaka zaidi ya thelathini nimewasihi wanafunzi wazipalilie kazi zao zibaki safi. Tukianza kuuona usafi kuwa ushahidi wa hatia, tutawafundisha watoto wetu kupanda magugu kwa makusudi.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili alinijia mwaka uliopita na barua ya idara yake, katika chuo ambacho sitakitaja. Sura mbili za tasnifu yake, zilizoandikwa kwa Kiswahili, zilikuwa zimepitishwa katika kitambuzi cha bure mtandaoni, zikapata nambari kubwa. Barua ilimtaka 'athibitishe uhalisi wa kazi yake'. Haikusema kifaa ni kipi, kilipimwa wapi wala kwa lugha gani. Aliniuliza, "Prof, nitathibitisha vipi kwamba nilifikiri?" Bahati yake alikuwa na madaftari ya utafiti wa nyanjani na rasimu zenye wino mwekundu wa msimamizi wake. Aliviwasilisha, akaruhusiwa kuendelea, muhula mzima ukiwa umepotea na karo imelipwa. Asiye na tabia ya kuhifadhi rasimu angefanya nini?

Jinsi ya kujaribu wenyewe

Idara yoyote inayotaka kutumia kitambuzi inaweza kukipima kwanza, na gharama yake ni muda tu. Ningependekeza hivi.

Kwanza, kusanyeni matini ambazo mna uhakika ni za watu. Njia nyepesi ni kutumia zilizoandikwa kabla ya Novemba 2022: tasnifu za miaka ya 1990 zilizo maktabani, insha za zamani za wanafunzi, hata makala za magazeti ya Kiswahili. Pili, kusanyeni matini za akili unde kuhusu mada zilezile na za urefu uleule, kutoka kwa programu zaidi ya moja. Tatu, tengenezeni za mchanganyiko: kazi ya mtu iliyosahihishwa tahajia na mashine, kazi ya mashine iliyohaririwa na mtu, na kazi iliyotafsiriwa. Hizi ndizo tunazokutana nazo kila siku, na ndizo zinazosahaulika katika majaribio mengi.

Nne, gawanyeni Kiswahili na Kiingereza, kisha matini fupi na ndefu, na msijumlishe matokeo. Wastani mzuri wa Kiingereza unaweza kuficha aibu ya Kiswahili. Tano, anayepitisha matini asijue ni zipi za nani, asije akaona anachotarajia. Sita, rudieni matini zilezile baada ya wiki kadhaa, kwani programu hizi hubadilishwa bila taarifa. Mwisho, andikeni makosa yote mawili kila moja peke yake, la kupitwa na la kusingizia, na mwamue mapema ni wangapi mko tayari kuwaonea. Ikiwa hakuna anayethubutu kuitaja nambari hiyo kwa sauti katika mkutano wa idara, basi kifaa hicho kisitumike kumhukumu mtu.

Na wanaodanganya je?

Wapo, na sisemi waachwe. Lakini udanganyifu haukuanza na ChatGPT. Biashara ya Wakenya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao ni ya miaka mingi, na Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, aliifuatilia katika filamu ya hali halisi iitwayo The Shadow Scholars ya mwaka 2024. Insha hizo ziliandikwa na watu. Kitambuzi kamili kabisa kingezipitisha zote kwa heshima zote, kwa kuwa swali lake, mtu au mashine, ni tofauti na swali letu: je, mwanafunzi huyu anaijua kazi hii?

Taaluma yetu ina uzoefu wa kutafuta mwandishi. Wataalamu wa ushairi wa kale wamebishana kwa vizazi kuhusu tungo zinazohusishwa na Fumo Liyongo, zipi ni zake na zipi alibandikiwa. Wamepima lahaja, vina na mizani, wakalinganisha miswada, wakasikiliza masimulizi ya Lamu na Pate. Mabishano yao hayajaisha, na hakuna aliyeyamaliza kwa nambari moja. Nasi tufuate nyayo hizo. Tudai rasimu za hatua kwa hatua. Tutenge saa moja ya kuandika darasani kwa kalamu, ili tuwe na mwandiko wa kulinganisha. Zaidi ya yote, tumwite mwanafunzi tuzungumze. Dakika kumi za kumuuliza kwa nini alichagua nadharia hii badala ya ile hunieleza mengi kuliko kifaa chochote. Naam, dakika kumi kwa wanafunzi 300 ni nyingi, na wahadhiri ni wachache. Hilo ni tatizo la ajira na bajeti. Tulitaje kwa jina lake badala ya kulificha nyuma ya programu.

Nimalizie kwa sheria. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kiutawala kwa njia ya haki, halali na ya busara, na ya kupewa sababu kwa maandishi ikiwa uamuzi utamdhuru. Sheria iliyotungwa mwaka 2015 kukitekeleza inamhakikishia pia nafasi ya kusikilizwa. 'Programu ilisema 87' si sababu. Kwa hivyo, mzazi au mwanafunzi atakayepokea barua kama ile niliyoitaja aijibu kwa adabu, kwa maandishi, na kwa maswali manne: kifaa gani kilitumika, nambari yake ni asilimia ya nini, kilijaribiwa kwa lugha ya kazi hii lini na nani, na kilisingizia wangapi katika jaribio hilo? Idara iliyofanya jaribio lake itayajibu kwa ukurasa mmoja. Ambayo haikufanya italazimika kuifungua tasnifu na kuisoma.